Damu ya Jumapili

Kitale,
Jumatatu, 30 Juni 2025.
Asubuhi ya ukungu na manyunyu.

Mpendwa Dada Rosaline,

Natumaini wewe, Shemeji Kabiru na watoto mko salama huko Bungoma, na kwamba kikohozi cha mdogo kimeisha. Sisi tumemaliza palizi ya pili, mahindi yanafika kiunoni. Utashangaa kwa nini naandika na simu iko. Kwa simu ningeogopa, nikate.

Unajua tabia yangu ya kuandika kila jambo kwenye shajara. Tangu Mei nimekuwa nikitokwa na damu kidogo wakati siku zangu za mwezi bado. Tarehe 4 Mei, 18 Mei, 1 Juni: zote Jumapili asubuhi. Nilipopekua kurasa niliona kwamba kila mara mume wangu Kibe alikuwa amepeleka mahindi Bungoma Alhamisi, akalala kwenu, akarudi Jumamosi jioni. Nikapiga mstari chini ya tarehe hizo. Nikasema ugonjwa huu una mahali unakotoka.

Nikaanza kumchunguza. Nilinusa mashati yake kabla ya kuyaloweka. Nilimuuliza ulipika nini, ulivaa nini, Shemeji alikuwepo au la. Alijibu kwamba ulipika mukimo akala mara mbili, akacheka ati mke wake siku hizi ni polisi. Huo mukimo ulinichoma sana. Phelista, jirani yangu mshonaji, nilimdokezea kidogo tu, naye akaniuliza: si Kitale imejaa wanunuzi, mbona mahindi ya huyu bwana yanapenda Bungoma tu?

Tarehe 17 nilienda kliniki na shajara mkononi kama shahidi anayekwenda kortini. Nilimwambia muuguzi, Sista Chepkosgei, kwamba mume wangu ameniletea ugonjwa. Alisoma tarehe zangu, akaniuliza kama natumia vidonge vya kupanga uzazi na kama nimeruka siku, kama huenda nina mimba, kama nina maumivu au uchafu wenye harufu. Alisema damu ya namna hiyo ina sababu nyingi: vidonge, maambukizi, uvimbe kwenye kizazi, mara nyingine saratani, kwa hivyo haifai kukisiwa nyumbani. Kisha akauliza Jumamosi usiku huwa kuna nini. Niliona haya. Nikasema mume huwa amerudi safarini. Alicheka mpaka akashika meza, akasema basi shajara haina kosa, mwenye kuisoma ndiye.

Aliponipima aliona kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi. Kikiguswa tunapokutana kama mume na mke, hutoa damu. Daktari alikitoa siku hiyo hiyo, kikapelekwa maabara, na mimi na Kibe tukapimwa maambukizi. Majibu yalikuja Ijumaa. Si saratani, na hakuna ugonjwa wowote kati yetu.

Sasa, Dada, nivumilie. Yule mwanamke aliyempigia Shemeji tarehe 2 Juni bila kutaja jina, akamwambia amchunge mke wake na mgeni wa mahindi, ni mimi. Nilitumia simu ya Phelista, nikabana sauti. Uliponipigia ukilia kwamba Shemeji amehamia kulala sebuleni na hataki kumwona Kibe mlangoni, nilikutuliza. Ukasema lazima ni Nelima wa nyumba ya pili, nami nikakubali. Nikaongeza hata kwamba macho yake sikuyapenda tangu zamani. Leo nasikia hamsalimiani.

Kibe nilimwambia jana. Alimaliza chakula chake, akaosha mikono, akatoka kwenda kwa ng'ombe.

Mpe Shemeji barua hii aisome mwenyewe, kisha umpelekee Nelima. Usinifunike. Ukikaa mwaka mzima bila kunijibu nitaelewa, lakini usilale tena peke yako kwa sababu ya uongo wangu. Na wewe ukiona damu isiyo ya siku zako, nenda upimwe kabla hujamtafuta wa kulaumu.

Wasalimie watoto. Waambie mama yao mdogo anawapenda, hata kama kwa sasa huwezi kulitamka jina langu.

Mdogo wako,
Nyaruai

Jumanne asubuhi, kabla ya kufunga bahasha: nilipata usingizi saa tisa kasoro dakika kumi usiku; nimeiandika kwenye shajara, safari hii bila kumtafuta wa kulaumu.