Kurasa Nilizokuficha

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua hii anakuletea jirani yangu anayekuja huko Mahenge kwenye harusi. Najua atakayekusomea ni yule binti wa marehemu dada yako unayemlea. Mdogo wangu, tafadhali soma yote, usiruke hata mstari mmoja. Nina sababu ya kusema hivyo.

Namba yako ya simu ninayo tangu Krismasi, ila jambo lenyewe si la simu. Linahusu likizo ya Juni nilipokuwa kidato cha tatu, niliporudi Mchombe na vitabu vitatu kwenye begi. Mwalimu wa Kiswahili aliniazima kwa sharti kwamba shule ikifunguliwa nimsimulie vyote.

Ulikuwa na mwaka wa nne katika nyumba ya baba. Mama yangu mzazi simkumbuki, na wewe nilikuwa nakusalimia, nakula ulichopika, basi. Shuleni nilikuita mke wa baba. Likizo ile baba alishinda shambani akipiga mpunga, trekta dogo la pawatila likileta magunia, na kazi yetu sisi wawili ilikuwa kuanika. Wewe uligeuza mpunga kwa miguu juu ya turubai, mimi nikifukuza kuku. Siku ya kwanza uliponiona nimefungua kitabu ulisema, "Kuku wanakula, wewe unasoma." Siku ya pili ukasema, "Kama kuku wanashiba, basi soma kwa sauti na mimi nishibe."

Cha kwanza kilikuwa chembamba, askari anamtafuta mwizi wa ng'ombe. Hatujafika mbali ukasema mwizi ni shemeji. Nilikubishia siku mbili nzima. Kumbe alikuwa shemeji.

"Umejuaje?" nilikuuliza.

"Ndiye peke yake aliyemsalimia mwenye ng'ombe mara mbili."

Cha pili kilikuwa tamthiliya ya chifu mkaidi. Nilikupa nafasi ya mama yake chifu. Mimi nilisoma mstari, wewe ukaurudia, na pale maneno ya kitabu yalipokuwa laini mno ulimalizia kwa Kipogoro. Mwanamke mmoja alishuka kwenye baiskeli barabarani akauliza kama tunagombana. "Tunasoma," ulimjibu, mikono kiunoni. Sijawahi kukuona umesimama vile, kabla ya siku ile wala baada yake.

Kisha shangazi akaja kutoka Mbingu. Alikaa siku mbili, na siku ya kuondoka alimwambia baba, sisi tukisikia kutoka jikoni, "Kaka, mtoto mmoja wa kike si ukoo. Huyu mwanamke unamlisha wa nini?" Baba alinyamaza. Wewe uliendelea kupeta mchele mpaka ukawa hauna pumba hata moja, na bado ukapeta.

Kitabu cha tatu kilikuwa kinene, na ndicho nilichokipenda kuliko vyote, ingawa kwa miaka mingi sikutaka kukiona. Kinamhusu mwanamke asiyezaa. Ndugu wa mume wanamsema, mume ananyamaza. Nilipokuwa nasoma hukucheka wala hukubashiri lolote. Kazi yako ilikuwa kuuliza tu, "Halafu?" Nikapata wasiwasi, nikakimaliza peke yangu ukiwa umekwenda mashineni kukoboa.

Mama, kitabu kile kinaisha hivi. Mwanamke anafunga vitu vyake kabla hajafukuzwa, anahamia mji mwingine, anaanza kupika vitumbua. Mume anamfuata. Mwanamke anamkaribisha chai, anamsikiliza, halafu anamsindikiza mpaka stendi na kurudi kwenye kazi yake. Hajuti. Jioni ile anakwenda kwa fundi kuchukua gauni lake, na ndipo hadithi inapoishia.

Hayo sikukusomea. Kesho yake nilikishika kitabu mbele ya uso wangu nikatunga yangu: kwamba mwanamke alivumilia, mume akamwomba radhi mbele ya wazee, wakaishi kwa amani. Nilikuwa hata nageuza kurasa.

Uliacha kugeuza mpunga. "Huyo aliyeandika hajawahi kuolewa," ulisema. Ukanyoosha mkono. "Hebu nikione."

Ulikipokea, ukapima kwa kidole gumba kurasa zilizobaki. "Mbona ni nyingi kuliko ulizosoma?"

"Ni maswali ya wanafunzi, Mama Mdogo."

Ulinirudishia kitabu, ukaenda kuswaga kuku ambao hawakuwapo.

Agosti, siku ya wazazi, baba alikuja shuleni peke yake. "Amekwenda kwao," alisema. Nilikukasirikia. Nilisema umeniacha bila kuniaga, na nikajiambia kwamba angalau mimi nilijaribu kukuzuia. Nimelibeba hilo kama jambo jema kwa miaka.

Sasa niko mwaka wa mwisho wa uuguzi hapa Ifakara. Katika mafunzo nakutana na wanawake wanaosindikizwa na ndugu wa mume, wanaulizwa swali wao na anajibu mwingine. Siku moja nilimkatiza shemeji wa mtu nikasema, "Mwache aseme mwenyewe." Nilipotoka pale nilikaa kwenye benchi la nje, nikajua nilichokufanyia. Baba alinyamaza, mimi nikadanganya, na sote wawili tulitaka ubaki pale ulipokuwa unatukanwa. Mimi nilitaka ubaki kwa sababu nilikuwa nimeanza kukupenda. Hilo nalo ni kweli, lakini halibadilishi lile la kwanza. Nisamehe.

Baba alioa tena. Mkewe ni mtu mwema, wana watoto wawili wa kiume, na shangazi ameridhika. Sikuombi urudi, na hakuna aliyenituma.

Kuna jambo moja tu la mwisho. Mwezi uliopita chuo kilitugawia fomu, na mahali fulani wanataka jina la mtu wa karibu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Niliandika lako. Penye uhusiano nikaandika mama. Karani alipoisoma aliuliza, "Ndiye aliyekuzaa?" Nikamwambia, "Hapana, ila acha hivyo hivyo." Akaipiga mhuri. Sikukuomba ruhusa kabla ya kuandika, ndiyo naiomba sasa. Ukisema hapana, nitakwenda kulifuta mwenyewe.

Mwanao,
Leokadia