Kadi Mbili na Programu ya Mazishi

Pap! Kiarie, nilisikia huo mlio kabla sijaona moshi.

Niko kazini River Road, tunapochapa programu za mazishi. Mbithi, mwenzangu wa kazi, alinichokoza kwamba kadi yangu ya picha, ile ya kuchomeka ndani ya kompyuta, ya bei rahisi kama yake, haiwezi gemu la magari. Nikaipachika kwenye kompyuta ya kazi. Gemu likateleza! Kwa yake lilikuwa likikwamakwama.

"Bahati tu, malenga. Rudisha yangu tuone tena."

Nikapandwa na hasira, nikaichomoa yangu bila kuzima umeme. Bila kuzima umeme, Kiarie! Mimi!

Kompyuta imekataa kuwaka. Ndani mna programu nzima ya mazishi ya mume wa mteja wetu Mama Nzisa, picha zake na shairi nililomtungia. Anazikwa kesho. Mbithi amekimbiza diski yenye kazi hiyo kwa fundi.

Mama Nzisa mwenyewe aliingia moshi haujaisha. "Kijana, programu ziko tayari?"

Nikasema, duka zima likisikia: "Mama, nimeziharibu mimi. Lakini mzee hatazikwa kimya. Picha zipatikane zisipatikane, kesho nitasimama kaburini nimghanie shairi lake lote, bila karatasi."