Glasi za Mwalimu Leanne

Dada Bok-hui,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini magoti yako yamepata nafuu tangu baridi ilipopungua, na kwamba shemeji bado anakuchosha kwa habari za samaki waliomponyoka. Sisi huku Jecheon tu wazima kwa kiasi, na hicho kiasi nitakieleza hapo chini.

Nimewahi kukutajia Mwalimu Leanne, binti wa Nyuzilandi anayefundisha Kiingereza na ambaye meza yake iko kando ya yangu. Ijumaa, mkuu wetu wa shule, Bwana Ma, alitualika nyama ya kuchoma na pombe ya soju. Wewe hukufanya kazi ya ofisini, kwa hiyo nikueleze: mkubwa akikumiminia, unapokea kwa mikono miwili na unamaliza. Asiyeweza ana njia moja tu, mwenzake ajitolee kumnywea.

Basi kila glasi iliponifikia, Leanne aliinyakua. Mara ya kwanza tulimpigia makofi. Mara ya nne Mwalimu Pyo wa michezo akaanza uchokozi: "Wee Leanne, mzee wetu unamwacha na kiu! Kwenu hakuna maji?" Akajibu kwa Kikorea chake cha kuchechemea kwamba kwao maji wameachiwa kondoo. Tulicheka mpaka mama mwenye mkahawa akachungulia.

Lakini alikuwa akinywa za watu wawili. Baada ya glasi ya tisa alimmiminia Bwana Ma kwa mkono mmoja, akampiga begani, akasema, "Kunywa basi, Ma, mbona unazubaa?" Bwana Ma alitabasamu kwa meno tu.

Jumatatu akatutangazia wakuu wa idara kwamba mkataba wa Leanne hautaongezwa, maana mlevi hafai mbele ya watoto. Nilikuwepo. Nilikoroga kahawa yangu, nisiseme kitu.

Sasa kaa chini, dada. Naumwa ini tangu Oktoba, na sasa daktari amenikataza hata tone. Nilificha kwa wote, na kwako zaidi, kwa kuwa ndiwe uliyemuuguza baba kwa ugonjwa huohuo. Leanne alijua kwa sababu aliona vidonge vyangu. Wala hakujitolea mwenyewe. Mchana wa Ijumaa ile nilimwomba mimi, nikamfundisha desturi yenyewe na maneno ya kusema.

Nilipomwambia nitaungama, alikataa katakata. Alisema, "Mzee, watakustaafisha. Mimi nitapata kazi kwingine." Nilirudi nyumbani nimeona haya kuliko siku zote za maisha yangu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Bwana Ma nikaeleza yote. Akaniuliza, "Miezi yote hii nakumiminia, na wewe unanishukuru?" Akautoa mkataba wa Leanne, akautia sahihi. Halafu akanisogezea fomu ya likizo ya ugonjwa, miezi sita, bila kunitazama. Sijui kama nitarudi darasani.

Hospitali niliyopangiwa iko Busan, vituo viwili kutoka kwako. Naomba chumba, dada, na naomba usinikaripie siku ya kwanza. Ya pili nitavumilia. Mpe shemeji salamu zangu, na watoto wako uwaambie mwenyewe, kwa namna utakayoona inafaa.

Mdogo wako,
Tak Sang-cheol