Mayowe Yangu Yamo Kwenye Wimbo wa Mwanangu, na Sasa Tunaitwa Jukwaani

Mshauri wetu mpendwa, kabla hujanicheka naomba unisaidie, maana huku nyumbani kila ninayemweleza anacheka kwanza ndipo ananiuliza shida yenyewe ni ipi, na shida ipo, tena ni kubwa, mimi mtu mzima, fundi cherehani, mjane, bibi wa wajukuu, nimeambiwa nipande jukwaani kupiga mayowe mbele za watu.

Nianze na mwanangu. Ni kitinda mimba wangu, wenzake wanamwita Msumeno, ni fundi simu mwenye mikono ya dhahabu, na kwa miaka mingi mikono hiyo ilishika pombe kali na vile vidonge vinavyouzwa kwa kificho, sitaki kukuchosha na tuliyopitia, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nitakwambia moja tu, kwamba siku moja tulimkuta chumbani kwake, mlango umefungwa kwa ndani, yeye kalala sakafuni midomo imekuwa rangi ya majivu. Alinusurika, akaanza kwenda kliniki, pale kuna muuguzi anayekaa na vijana wanaoacha, nao wanazungumza wenyewe kwa wenyewe, na mwanangu akawa anarudi kutoka huko anakula vizuri na kulala vizuri, lakini mimi, mshauri, mlango ukifungwa tu nasimama kutega sikio, namnusa akipita, nampekua mifuko nikifua, naangalia macho yake kabla ya salamu.

Basi akiwa katika kuacha ndipo akaanza huu muziki wake. Wanauita metali, na mwingine wanauita muziki wa kelele, na kwa kweli hapo hawakumdanganya mtu. Alibandika trei za mayai ukuta mzima, akaegemeza godoro kwenye dirisha, akachukua gitaa lililokosa nyuzi mbili, akalehemu visanduku vidogo vya kuchafua sauti, maana nilipomuuliza vya nini alinijibu hivyo hivyo, "Vya kuchafua sauti, mama," nami nikamwambia sauti yako tayari ni chafu mwanangu, utapoteza risasi ya kulehemu bure. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu akiwa na sare za shule.

Nikamuuliza tena, kwa nini usipige muziki wa kueleweka, akasema, "Mama, kichwani kwangu kuna kelele hata nikikaa kimya. Zamani nilikuwa nazizima kwa chupa. Siku hizi nazitoa nje nazipanga." Nikarudi kwenye cherehani.

Sasa sikia mkasa wenyewe. Alasiri moja nilikuwa napinda suruali ya mteja, nikasikia kutoka chumbani mngurumo, mshauri, mngurumo wa ng'ombe anayezaa ndama aliyekaa vibaya, halafu kimya. Nikaita, kimya. Nikasukuma mlango, umefungwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, mimi sikusubiri, nilitoka mbio na tepu ya kupimia shingoni nikamwita jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana na uwanja wake hapo kando, akaja na mtaimbo, akaung'oa mlango pamoja na bawaba zake, ukaanguka kwa kishindo, nami nikaingia napiga mayowe, "Mwanangu usiniache! Usiniache!"

Yuko kwenye kiti. Maiki mbele yake imevalishwa soksi yangu ya kanisani, spika za masikioni kichwani, amenitumbulia macho. Jirani akamtazama, akaushusha mtaimbo, akasema kwa utulivu kabisa, "Yuko hai huyu."

Mwanangu akasema, "Mama, nilikuwa narekodi."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimtukana, nikamkumbatia, nikamtukana tena, na yeye ananiashiria kwa kidole nisubiri, akabonyeza kompyuta yake, akasema sikiliza, nikasikia ule mngurumo wake, kisha kimya, kisha mlango unaanguka, kisha sauti ya mwanamke ambayo sikuijua, sauti iliyonisimamisha nywele, na mwisho jirani, "Yuko hai huyu." Mshauri, huyo mwanamke ni mimi. Miaka yote ile ya kumngoja na kumtafuta nilikuwa nalia ndani ya kanga, sikujua nina sauti ya namna hiyo.

Akaniomba ruhusa autoe wimbo kama ulivyo, nikasema toa, nani atausikiliza. Wameusikiliza! Sio wengi, muziki wenyewe ni wa chini kwa chini, ni vijana wanaopelekeana kwenye simu, lakini wanauandikia maneno matamu, wanauliza yule mama ni nani, na siku moja kijana nisiyemjua alikuja kuchukua kaptula yake, akaisikia sauti yangu nikimfukuza paka, akasimama wima akasema, "Ni wewe! Yuko hai huyu!" Nikampunguzia bei.

Tangu hapo tumekuwa kundi. Jirani alirudi kuutengeneza mlango, mwanangu akamrekodi akikata chuma, na sasa anakuja kila Jumapili mchana kugonga mitungi mitupu ya gesi, na mimi nafundishwa kuvuta pumzi kutoka tumboni, na siku nilipopiga mayowe kwa makusudi kwa mara ya kwanza, mteja aliyekuwa mlangoni alikimbia na sketi ya mtu mwingine, nami nilicheka mpaka nikakaa chini. Naona haya kuliandika hili ila nitaliandika, mshauri, ninafurahi. Wiki nzima naingoja Jumapili. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tunaishi naye ua mmoja, ameniambia, "Mwanamke mzima unabweka! Mtoto akililia wembe mpe, lakini wewe umempa na mkono wako akukate." Ila na yeye nimemchungulia akifagia wakati tunapiga, na ufagio ulikuwa unakwenda na mitungi.

Mwanangu naye amenenepa. Wakati mmoja tu aliteleza, alitoka kwenye msiba wa rafiki yake, akarudi akakaa kwenye kiti cha wateja akasema mwenyewe mama nimekunywa, tukalia wote, kesho yake akaenda kwa muuguzi, yakapita.

Tatizo ni hili sasa. Vijana wanaandaa onyesho la muziki huu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, wametuita tupige sote watatu, na mahali penyewe ni ukumbi ulio nyuma ya baa ile ile alikokuwa akianguka. Baa ile ile, mshauri! Nilipoambiwa, mdomo ukasema wenyewe kwamba siku hiyo nina gauni la harusi la kumaliza, siwezi. Hakuna gauni. Akasema, "Basi mama, nitakwenda na jirani, au nitawaambia waachane na sisi, nitafikiria," akaingia chumbani, na tangu juzi sijasikia gitaa. Wanataka jibu wiki hii. Nikikubali, najiona nikimpeleka mwanangu kwa mkono wangu kwenye shimo lililommeza. Nikikataa, naogopa ataingia shimoni bila mimi, au ataacha kabisa muziki, na mikono yake ikikaa bure mimi najua itatafuta nini. Naomba uniambie niende au nisiende, na usinijibu kwa mafumbo maana kichwa changu kimejaa.

Ni mimi Mama Mayowe, kama wanavyoniita sasa.

JIBU

Mama Mayowe, nimecheka, usinisamehe. Nimecheka kwa ajili ya jirani yako na mtaimbo wake, kisha nikairudia barua yako na sikucheka tena, kwa hiyo tuzungumze kama mama kwa mama.

Kwanza nikugombeze. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu mlango, trei za mayai na paka, halafu jambo kubwa kuliko yote umelipitisha kwa mstari mmoja kama mtu anayemeza kidonge. Mwanao alikunywa, akarudi nyumbani, akakaa akakwambia mwenyewe. Hukumnusa. Hukumpekua. Hukung'oa mlango. Mtu anayekunywa na kudanganya unamjua vizuri, uliishi naye miaka. Huyu aliyekaa kwenye kiti cha wateja ni mtu mwingine, na wewe bado unamlinda yule wa zamani. Kuteleza si kuanguka, na wewe uliona kwa macho yako alivyoinuka.

Kisha angalia nani amedanganya safari hii. Yeye alisema nimekunywa. Wewe ukasema una gauni la harusi. Njia ya mwongo ni fupi, mama, hasa kama mwongo ni fundi cherehani na mwanawe anaweza kuangalia mezani akaona hakuna hata kipande cha kitambaa cheupe. Amejua. Ndiyo maana gitaa limenyamaza. Hanyamazi kwa sababu ya onyesho, ananyamaza kwa sababu mama yake hamwamini na hataki kumwambia.

Hofu yako lakini siidharau. Baa ni baa. Mtu anayeacha pombe hapelekwi kwenye harufu yake eti ajaribiwe, na atakayekwambia "akiwa imara hatatikisika" mwambie akakae yeye na njaa yake karibu na jiko la mwenzie. Kwa hiyo sikwambii umpeleke baa. Nakuuliza tu, tangu lini kelele za vyuma zikahitaji kaunta? Jirani yako ana karakana. Ina umeme, ina paa, ina uwanja, mitungi iko tayari, na hakuna jirani wa karakana ya kuchomelea ambaye hajazoea kelele. Waandaaji ni vijana, wanatafuta mahali, hawajafunga ndoa na baa. Waambieni mtapiga kama onyesho litahamia pale, na kinywaji kitakuwa maji na soda. Wakikataa, mtaandaa lenu Jumamosi inayofuata. Wale wanaokuja kwa ajili ya ule wimbo watawafuata popote.

Lakini, na hapa unisikilize, usiende kuyapanga haya na jirani halafu umletee mwanao yakiwa yameiva. Mwulize. Yeye ndiye anayejua baa ile inamfanya nini. Mwambie mkae pamoja na yule muuguzi, mwanao aseme mwenyewe akihisi anatetereka atamtafuta nani kwanza, na kama jina hilo si lako, usinune. Kazi ya kumtibu si yako. Akiteleza tena, Mungu apishe mbali, usiuze gitaa na usiulaumu muziki. Mrudishe kliniki siku hiyo hiyo, na Jumapili mitungi igongwe.

Kumnusa mlangoni, acha kuanzia leo. Mifuko, mwache apekue mwenyewe kabla hajaweka nguo kwenye beseni. Ule mlango mwache aufunge anaporekodi, ila mkubaliane kwamba ukigonga atajibu, hata kama ni katikati ya wimbo. Hilo ni haki yako na hatalikataa, maana anajua lilikotoka.

Wifi yako usivutane naye. Mpe kiti cha mbele na mfuko wa karanga, umpe kazi ya kukaa getini kuhakikisha hakuna anayeingia na chupa. Mtu mkali kama huyo ni hazina getini, na mguu wake ukianza kwenda na muziki, ujifanye hukuona.

Koo lako nalo ulitunze. Maji ya uvuguvugu, pumzi ya tumboni kama ulivyofundishwa, na likianza kuuma unyamaze, hata kama vijana wanashangilia. Furaha yako usiionee haya. Umemlilia mtoto kwa miaka, leo unapiga kelele naye, na wapo kina mama wengi wanaosoma ukurasa huu ambao wangetoa chochote wapate Jumapili moja kama zako.

Umeniuliza uende au usiende. Nenda, ila si kwenye baa. Lakini kabla ya Jumamosi kuna leo. Ukimaliza kusoma hapa, weka mkasi chini, ugonge mlango wa mwanao, usubiri akufungulie. Mwambie hakuna gauni. Mwambie uliogopa. Mwambie, "Nataka kupiga na wewe, tutafute mahali." Halafu usiongeze neno, usimtazame macho kutafuta kitu. Mwache mtoto afurahi.