Siku Saba za Zulia Kavu

Jumanne, 1 Machi 1955

Leo nimeletewa mtoto wa mbwa. Mimi, Saad, mpishi wa watu miaka ishirini na mbili! Memsahib amemtoa kwa rafiki yake Nanyuki, amekuja naye ndani ya kikapu cha mayai. Jina lake Tofi. Mbwa wa kupakatwa, asili yake Uchina, ati hakui zaidi ya sungura. Uso umebonyea, macho yako nje. Hakumaliza dakika tano akakojoa kwenye zulia la sebuleni – lile Bwana alilorithi kwa mama yake. Bwana alitazama, akanyamaza, akaenda zake ofisini. Akinyamaza ndiyo mbaya.

Memsahib akasema, "Saad, wewe nafundisha yeye." Haya. Na mimi nani atanifundisha?

Mate ya mbwa kwetu ni najisi. Akikulamba unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Leo nimelambwa mara tatu. Nimeweka mkebe wa udongo nyuma ya jiko. Mikono imeshapauka.

Nyumbani nako si kuzuri. Barua imefika Meru kutoka Kianjokoma, ya shemeji yangu Cicily. Mama yao amevimba miguu, hali kitu, anamtaja Mashavu mke wangu tu. Mashavu ni Muembu. Tangu hii Hali ya Hatari haruhusiwi kuvuka mto Thuci bila pasi. Mimi naandikwa Mswahili, siulizwi sana, lakini ruhusa ya kuondoka kazini sina. Wiki ya tatu sasa Mashavu anapanga foleni ofisini kwa Bwana, maana yeye ndiye atiaye pasi sahihi. Karani anamwambia kesho. Kesho akienda, kesho tena.

Jumatano, 2 Machi

Memsahib amefungua kitabu. Mbwa awe na sanduku lake, alale humo, kwa sababu mbwa hachafui anapolala. Sanduku gani? "Wewe natafuta."

Nimejaribu la majani ya chai kutoka stoo. Jepesi, zuri. Lakini kingo zake zina bati – limenikata kidole. Na Tofi akaanza kutafuna ile karatasi ya fedha iliyo ndani! Nimemchokoa mdomoni kwa kidole hichohicho kinachotoka damu. Mara saba tena, na udongo juu ya kidonda.

Zulia: mara nne.

Mashavu: kesho.

Alhamisi, 3 Machi

Memsahib amesema nijaribu kreti la bia. Yapo tele, Bwana hanywi maji. Nimelibeba uani mchana kweupe, na Mwanatatu wa duka la mkabala akaniona. "Mzee Saad! Umeanza lini?" Anacheka mpaka ameshika mlango. Saa hizi Majengo yote inajua.

Tofi aliingiza kichwa kati ya mbao, kikakataa kutoka. Kelele zile! Utadhani anachinjwa. Nimezikata mbao kwa kisu cha nyama. Kreti limekwisha, kisu kimekwisha, na mimi nimekwisha.

Jumamosi, 5 Machi

Jana nilikwenda kwa Kaberia seremala, karibu na soko la Gakoromone. Nikamwambia atengeneze kubwa, mtoto asibanwe. Akauliza ni ya mbuzi? Nikamwambia ni ya mbwa wa kupakatwa. Alicheka, halafu akaacha. Akasema pale kizuizini alipo ndugu yake Muthamia wanalala ubavu, mmoja akitaka kugeuka lazima wageuke wote. "Na wewe unajengea mbwa nyumba ya kutembea ndani, Saad." Akaendelea kupiga randa.

Sanduku limekuja leo asubuhi. Tofi amelala pembe moja, pembe ya pili ameifanya choo. Chumba na choo, kama mzungu! Memsahib akafungua kitabu tena: sanduku liwe la kusimama, kugeuka na kulala, basi, lisizidi. Ukurasa huo ameusoma leo. Leo!

Nikajikaza, nikamwambia habari ya mama mkwe. Alinisikiliza, si mtu mbaya. Akasema sasa si wakati. Bwana amejaa mpaka hapa – akaonyesha shingo – kwa sababu ya zulia. Neno lolote litokalo nyumbani atalikataa. "Siku saba zulia kavu, mimi nasema na Bwana." Pasi ya Mashavu, na ruhusa yangu nimpeleke mwenyewe.

Siku saba. Je, mgonjwa atangoja?

Nimemwambia Mashavu. Alicheka, kicheko kisicho kizuri. Kisha akauliza huyo mbwa anakunywa maji mara ngapi kwa siku.

Jumapili, 6 Machi

Kumbe dawa ilikuwa jikoni kwangu. Sanduku la mafuta ya taa, lile la kuingia madebe mawili. Kaberia amelipiga msasa na kutia mlango wa waya. Ndani gunia, juu ya gunia kanga kuukuu – Mashavu ameitoa mwenyewe, hakuombwa. Tofi aliingia, akazunguka mara mbili, akalala. Sanduku la bure! Baada ya siku tano za mateso!

Mpango ni huu. Akiamka, nje. Akila, nje. Akicheza, nje. Mahali pamoja tu, nyuma ya jiko, karibu na jiwe ninalotawadhia.

Zulia: mara moja. Halihesabiwi. Hesabu inaanza kesho.

Jumatatu, 7 Machi

Moja. Kavu.

Jumanne, 8 Machi

Mbili. Kavu. Nimetoka naye mara kumi na nne. Magoti yananiambia umri wangu. Kibofu cha mbwa ndicho saa yangu siku hizi.

Jumatano, 9 Machi

Tatu. Kavu. Na leo nimegundua kitu. Nje huzunguka, hunusa, hupoteza wakati wa watu. Lakini nikishika birika nikaanza kumimina maji nitawadhe – hapohapo anachuchumaa! Sasa namimina hata kama si wakati wa sala. Namimina, anakojoa, tunarudi. Mtoto ana akili huyu. Nimempenda kidogo. Kidogo tu.

Mashavu anasema karani hamtazami tena. Anapunga mkono kama anayefukuza kuku.

Alhamisi, 10 Machi

Nne. Kavu, lakini Mungu ameniokoa kwa ncha ya kucha.

Bwana alikuwa barazani na bia yake. Tofi chini ya kiti. Bwana akamimina bia kwenye bilauri, ile sauti – chururu – na Tofi akachuchumaa juu ya kiatu cha Bwana! Memsahib alicheka mpaka machozi. Akasema baraza ni saruji, si zulia, siku inahesabiwa. Bwana alikwenda kubadili soksi.

Mimi sikucheka. Nilielewa palepale. Mbwa hakujifunza kwenda nje. Amejifunza birika! Nimemfundisha vizuri sana, kitu kisicho chenyewe. Na Jumamosi kuna wageni wanne, chai sebuleni, na Memsahib humimina mwenyewe.

Ijumaa, 11 Machi

Tano. Kavu.

Nimeomba chai niimimine jikoni. Memsahib alinishangaa: nani anamimina chai jikoni?

Baada ya sala ya Ijumaa Mashavu alikuja. Amekuja na barua nyingine ya Cicily. Mama hamezi hata uji. "Njoo upesi" imeandikwa mara mbili, ya pili kwa herufi kubwa.

Tukakaa nyuma ya jiko, watu wazima wawili, kumsahaulisha mbwa. Yeye anamimina birika, mimi nimeshika kipande cha nyama: usipokojoa unapewa. Alikojoa, kisha akala nyama. Mara nne! Mashavu huyu, ambaye mbwa akipita hutema mate, akamfunga kwenye kanga, akamtazama usoni. "Tofi, mwanangu, nisitiri. Kesho tu." Nikaondoka kwenda kupasua kuni zisizohitaji kupasuliwa.

Jumamosi, 12 Machi

Sita.

Kuanzia saa tisa nimemtoa nje, nikamimina mabirika mawili, tone kwa tone. Mpaka akawa anachuchumaa na hakitoki kitu. Namimina tena. Hakitoki. Saa kumi nikaingia na sinia la skonzi.

Memsahib akainua buli. Chururu. Tofi akaamka, akazunguka, akachuchumaa katikati ya zulia. Nilisimama na skonzi zangu. Moyoni nasoma kila ninachokijua.

Hakuna. Hata tone! Alichuchumaa muda mrefu, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Mgeni mmoja akasema tazameni anavyokaa kwa adabu. Wakamsifu. Memsahib akasema kazi ya Saad hiyo. Wakanisifu na mimi. Nimerudi jikoni, nimekaa chini sakafuni. Alhamdulillahi. Nimemshukuru Mungu mpaka nikasikia aibu, kumshukuru kwa mkojo.

Jumapili, 13 Machi

Saba. Kavu! Mashavu ameshafunga kifurushi.

Jumatatu, 14 Machi

Bwana ametia sahihi. Mara moja, wakati wa kifungua kinywa, peni yake mwenyewe, hata yai halikupoa. Wiki tano za foleni! Pasi ya siku tatu: kesho mpaka Alhamisi saa kumi na mbili jioni.

Nikauliza ruhusa yangu. Memsahib alitabasamu, kama anayenipa zawadi. Hapana, Saad hapana kwenda. Jana alimtoa Tofi mwenyewe, akakaa naye nje nusu saa, mbwa akagoma. Bila Saad haendi. "Wewe mwalimu mzuri sana."

Basi nimejifunga kwa mikono yangu. Mashavu atakwenda peke yake mpaka ukingoni mwa msitu. Kwao hajapaona tangu watu wahamishiwe kijijini, ndani ya handaki na miba. Nilitaka kurudi ndani nikaseme. Akanishika shati. "Acha, Baba Yusuf. Utaniharibia hata hii." Nikaacha.

Jumanne, 15 Machi

Ameondoka alfajiri na lori la Riungu, analopelekea viazi Embu. Amebeba sukari, blanketi, na machungwa sita kwa sababu mama yake anapenda machungwa. Hakugeuka nyuma. Labda aligeuka, vumbi lilikuwa jingi.

Zulia kavu. Sijui kwa nini bado naandika.

Jumatano, 16 Machi

Kavu. Nimechoka na neno hili.

Alhamisi, 17 Machi

Saa kumi Riungu amekuja, peke yake. Amesimama mlangoni pa jiko, kofia mkononi. Nikamwambia ingia, hakuingia. Nikajua.

Alimfikisha mpaka lango la kijiji. Homgadi, wale walinzi wa kijiji, wakasoma pasi, wakairudisha. Cicily akatoka kuwalaki, kichwa kimenyolewa. Mama alizikwa Jumapili. Alikata roho Jumamosi, jioni jioni, saa kumi hivi. Nikamwambia Riungu arudie. Akarudia. Jumamosi, saa kumi. Nilikuwa nimesimama na skonzi. Mbwa amechuchumaa, na mimi namwomba Mungu kwa moyo wangu wote, nikamwomba kuhusu zulia.

Mashavu amekataa kurudi. Riungu leo asubuhi alimpigia honi langoni, akambembeleza kama mtoto. Amesema hatoki kabla ya kumaliza matanga na dada yake. Ati siku tatu zao walizompa zimefika baada ya mtu kufa, basi wasimhesabie. Akampa Riungu mgongo. Huyo ni mke wangu kabisa.

Lakini saa kumi na mbili pasi inakufa. Na kule asiye na pasi hupakiwa garini kwanza, huulizwa baadaye. Riungu anasema homgadi wa lango usiku wa leo ni Mwaniki, wa ukoo wa kina Mashavu, atajifanya kipofu. Usiku mmoja tu. Kesho asubuhi zamu inabadilika. Riungu anarudi Embu alfajiri. Nimpatie karatasi, yoyote, iwe na sahihi ya Bwana. Wiki moja zaidi. Hata siku nne.

Bwana na Memsahib wako tenisi. Hurudi saa kumi na moja.

Tulisimama na Riungu langoni muda mrefu. Alikuwa anatafuta namna ya kuondoka, na mimi nilikuwa sitaki aende. Nikamsahau Tofi. Niliporudi mlango wa waya ulikuwa wazi, sikuufunga vizuri. Sebuleni. Katikati ya zulia, pale palepale pa Jumamosi, dimbwi kubwa. Hakuna aliyemimina chochote. Amekaa kando yake, anatikisa mkia.

Sikumpiga. Nimechukua ndoo, sabuni, kitambaa. Nimefika mlangoni pa sebule nikarudi. Sasa nimekaa juu ya sanduku la mafuta ya taa, daftari kwenye goti, na yeye amelala juu ya mguu wangu. Ananilamba kifundo. Sijaosha.

Nikifuta, watakuta pamelowa tu. Nisipofuta, watakuta vilevile. Nikiomba kwanza, kabla hawajaingia, pale pale garini – je, Bwana atasikiliza hadi mwisho? Nitaanza na lipi? "Bwana, amekufa"? "Bwana, Jumamosi ile"?

Gari nalisikia linapanda kutoka mjini. Limebadili gia penye kona. Kitambaa kiko mkononi.

Sijainuka.