Ng'ombe wa Usukani

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kiti kimerudishwa nyuma tena! Nimefika gereji, Kinyinya, nimeingia garini, nimenyoosha mguu — klachi siifikii hata kwa ncha ya kiatu. Kiti cha gari la mashindano kimefungwa kwa bolti, hakitembei chenyewe. Mtu kachukua spana. Na mtu huyo ana miguu ya twiga.

Nimemwuliza Clovis, fundi wetu. Kajifanya anatafuta kitu chini ya boneti.

"Patron alikuja jana. Iko anasema anataka kusikia gari tu, kidogo."

Kusikia gari! Kwani masikio yake yako magotini?

Alhamisi, 5 Juni

Siku nne, kiti nyuma, kiti mbele. Clovis kachoka, mimi nimechoka, hata bolti zimechoka.

Kinachoniudhi ni kwamba Mzee Terwolde, huyo patron, bosi wetu, alistaafu udereva. Mbele ya watu! Mwezi wa nne tulimfanyia sherehe ya kumuaga, maana hapa mtu haachi kazi kimyakimya kama anakimbia polisi. Fanta, brosheti za nyama, hotuba ndefu. Akasimulia maisha yake yote. Jinsi alivyoanza na vigari vidogo vya mashindano nyuma ya duka la mikate la baba yake, huko kwao Uholanzi. Miaka ya kumaliza wa pili, wa pili, wa pili. Ile siku ya mvua alipoongoza hadi mzunguko wa mwisho, gia zikafa, akamaliza kwa miguu huku analia. Halafu akaja Rwanda kwa rali moja tu, akapenda vilima vyetu, akabaki, akaanzisha timu. "Sasa mimi ni mwenye timu," akasema. "Dereva ni Kaliza."

Mimi! Nililia kwenye fanta yangu.

Ndipo Mama akasimama, akampa ng'ombe. Mwenye mimba, wa kwetu hasa, pembe kama mikono ya mcheza ngoma. Akasema wazi: nakupa kwa sababu umemwachia mwanangu usukani. Mzee akapiga makofi, akamwita ng'ombe Mevrouw — kwao ni kama kusema "Bibi" — akamjengea banda nyuma ya gereji. Banda zuri kuliko ofisi.

Ng'ombe kampokea. Usukani hajauachia.

Jumapili, 8 Juni

Leo Mzee katoa la moyoni. Eti rali ya tarehe 21 aendeshe yeye etapu ya kwanza tu, kipande kimoja cha njia. Wafadhili watakuja, wanataka kuona "uzoefu". Zilizobaki zote nitaendesha mimi.

Dereva wa rali habadilishwi katikati kama kipa! Anayeanza ndiye anayemaliza. Yeye aliijua kanuni hiyo kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo "etapu moja" maana yake rali nzima. Na nikikosa hii, hakuna nyingine hadi mwakani.

Ingrid, anayenisomea njia, kamwambia: Mzee, noti zote za kona tumeziandika kwa mwendo wa Kaliza, tena kwa Kiswahili. Kajibu atajifunza.

Nimetoka nje nikapiga teke tairi. Kidole gumba kimevimba. Safi sana!

Jumanne, 10 Juni

Mevrouw kazaa! Jike. Mzee kafunga gereji siku nzima, kakaa bandani na suruali nyeupe. Clovis anasema patron ameongea na ndama Kiholanzi na ndama kamjibu.

Nimempigia Mama, sikuanza na ndama, nimeanza na kulalamika. Nikasema namwendea mzee leo leo, nimpe maneno yake. Akanikata: unampa mtu ng'ombe, kisha unakwenda kumgombeza mlangoni kwake? Mtoto wangu, huko Ngara, ng'ambo ya mpaka, nilikulea porini?

Basi hata kugomba siruhusiwi! Kisha akauliza: jike, umesema? Akacheka. Kicheko kile nakijua. Naogopa.

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi sasa hivi kutoka Rebero, kwa Mama.

Mama alimwita Mzee nyumbani kwa ajili ya kwitura. Ukipewa ng'ombe naye akazaa, unamrudishia aliyekupa ndama, kwa shukrani. Mzee akasema ndama bado ananyonya. Mama akamwambia hakuna haraka, ndama atafuata, maneno yanaweza kutangulia. Majirani wamejaa, wajomba wamevaa makoti. Mzee kaja na tai, anang'aa, kaleta jibini kubwa la kwao. Clovis kaja kumsindikiza, ndiye anayemnong'oneza la kufanya.

Sikuwa najua. Naapa sikuwa najua! Desturi ni kwamba anayefanya kwitura asimame aeleze ng'ombe alimpata wapi na alipewa kwa sababu gani. Kwa kinywa chake.

Mzee kasimama. Kashukuru. Kasifu pembe. Kasifu maziwa. Kaanza hadithi ya duka la mikate. Mjomba Kabera akamwuliza kwa upole:

"Ni vizuri, Mzee. Lakini ulipewa juu ya nini?"

Mzee akageuka. Akaniangalia. Akamwangalia Clovis, Clovis akaangalia jibini.

"Juu ya… usukani," akasema. "Nimeacha usukani. Kwa Kaliza."

"Umeacha?"

"Nimeacha."

Makofi! Vigelegele! Mama anampakulia chakula kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilipaswa kufurahi. Nimefurahi. Lakini uso wa yule mzee ulikuwa ule wa mtu aliyemaliza kwa miguu. Ananikera hata akishindwa!

Jumatatu, 16 Juni

Kiti mbele. Clovis kakaza bolti kwa nguvu zake zote, kisha spana kaitia mfukoni na kuondoka nayo.

Alhamisi, 19 Juni

Mzee kaja, kakaa juu ya tairi, hakugusa kitu. Kaniambia kwenye vumbi nisikanyage breki mapema, nisubiri kidogo. Kweli tupu. Nimempenda dakika tano. Kisha kaniambia mara saba zaidi.

Jumamosi, 21 Juni

Tuko foleni ya kuanza. Naandikia juu ya usukani, mkanda nimeufunga, miguu inafika. Jina langu liko mlangoni! Vumbi jekundu, watu hadi juu ya ukuta. Mama yuko pale na mwavuli.

Ingrid katoka kunywa maji. Mbele yetu magari mawili.

Mzee anakuja. Kavaa helmeti! Clovis anamkimbilia, anapiga kelele: "Patron, spana haiko! Nimeacha nyumbani!" Mzee hasikii. Hapana, haji kwangu. Anazunguka mbele ya gari — anafungua mlango wa Ingrid — anaketi!

Namwambia, Mzee, hapo kuna mwenyewe. Ananijibu usukani ameuacha, kweli, ameahidi, lakini kuhusu kiti hiki hakuna ng'ombe aliyetolewa.

Ingrid anagonga kioo. Mwamuzi anatupungia mkono tusogee. Mzee kashika noti, kavaa miwani yake ndani ya helmeti, kidole kiko kwenye kona ya kwanza. Ananiuliza "inabana" ni nini.