Yeremia Yuko Tanga

Dada Rahabu mpendwa,

Kamwene! Mimi mzima, mwambie mama joto la Tanga halijaniua.

Jumapili tulitoka shamba la mkonge tukaenda rasini, kwenye bustani ya watu wote. Bahari imeizunguka pande tatu. Wengine waliogelea, wengine walishindana kuvuta kamba majanini. Mvutaji mmoja akawa anawahimiza wenzake kwa Kibena. Nikageuka. Alikuwa mumeo, Yeremia!

Nikamkemea mbele ya watu: "Miaka mitatu bila barua! Dada hajui kama uko hai."

Akaiachia kamba. "Shemeji, mashine ya mkonge ilinikata vidole viwili. Niliona aibu kurudi hivi."

"Na mwanao je?"

Hakujua, dada. Uliponiambia una mimba, yeye alikwisha ondoka. Alikaa chini akalia, kisha akacheka. Tulikula mihogo ya kuchoma kwa pilipili, upepo ukitupuliza, naye akawa analirudia jina la binti yake, Sara, kama mtu anayejifunza kusoma.

Mkataba wake unaisha mwezi ujao. Atashukia Makambako. Nenda na mtoto ukampokee.

Mungu awatunze, nawapenda sana.

Mdogo wako,
Lazaro